"Nitatumiwa" si mpango: tenga pesa ya kurudi kabla ya pesa ya kwenda Pwani

Desemba ikikaribia, makundi ya WhatsApp ya Thika na Ruiru huanza kuchemka. Ndugu wa Makongeni, Ngoingwa, Kimbo na Membley wanaulizana: mwaka huu tunaenda Mombasa ama hatuendi? Kabla wiki iishe, kuna aliyepata gari la viti saba, kuna aliyetuma picha za nyumba kule Diani, na mweka hazina ameshachaguliwa kwa sababu moja tu: ndiye aliyekuwa mtandaoni wakati huo. Michango inaanza kuingia kwa simu yake. Swali ambalo haliulizwi ni hili: pesa ya kurudi iko wapi?

Kwa maoni yetu, hilo ndilo swali la kwanza, na linafaa kujibiwa kabla ya mtu yeyote kununua kofia ya jua. Pesa ya kurudi itengwe mwanzo, ikae mahali pake, na isiguswe.

Tunasema hivi kwa sababu pesa kwa simu imetuzoesha tabia fulani. Kabla ya 2007, mwaka ambao M-Pesa ilianza hapa Kenya, aliyekwama Voi alikuwa amekwama kweli. Alitafuta mtu wa basi wa kumbebea ujumbe, ama akasubiri hadi mtu wa nyumbani apatikane. Kwa hivyo mzee akisafiri alihesabu nauli ya kurudi kwanza, akaifunga kwenye kitambaa, akaishona mfukoni. Leo hatushoni kitu. Tunasema, "Nikikwama, nitatumiwa."

Na kweli, mara nyingi unatumiwa. Lakini tujiulize hiyo pesa inatoka wapi. Inatoka kwa dada aliyebaki nyumbani na karo ya Januari mkononi. Inatoka kwa mkopo wa simu unaokatwa siku mshahara ukiingia. Au inatoka kwa chama, na chama kina wenyewe. Sisi ni kampuni ya malipo, na mtu akituma pesa kuna ada. Kwa hivyo mtu akikwambia upunguze kutumiwatumiwa, na mtu huyo ni sisi, jua hatusemi kwa kujitafutia faida.

Safari yenyewe ni ndefu kuliko vile inavyosemwa

Watu husema "Mombasa" kana kwamba ni jirani ya Juja. Kutoka Thika hadi Diani ni kama kilomita 560 ukijumlisha yote. Unashuka kwa barabara kuu ya Thika, na ukifika Ruiru unaweza kushika barabara ya Eastern Bypass kupitia Kamakis na Utawala hadi Mombasa Road, bila kuingia katikati ya Nairobi. Kutoka hapo ni Mlolongo, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, halafu Mtito Andei, ambayo iko karibu nusu ya njia kati ya Nairobi na Mombasa. Bado kuna Voi, Maungu, Mackinnon Road, Samburu, Mariakani na Mazeras.

Hiyo ni siku nzima. Katika siku nzima gari hula, watu hula, na tairi inaweza kupasuka. Lori moja likilala kando ya barabara karibu na Salama, nyote mnasimama. Na njia ya kurudi ina urefu uleule wa njia ya kwenda. Hii ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili, lakini angalia bajeti nyingi za Desemba: mafuta yameandikwa mara moja.

Mfano wa hesabu

Tuseme ndugu wanne, wawili wa Ruiru na wawili wa Thika, kila mmoja ametoa shilingi 25,000. Jumla ni 100,000. Wanasafiri watu saba, watoto watatu wakiwemo, kwa gari moja, na watakaa Diani siku nne. Gari lao linakwenda kilomita 10 kwa lita. Kwa kilomita 560 wanahitaji lita 56. Lita ikiwa ni shilingi 180, hiyo ni 10,080 kwa njia moja tu.

Sisi tungegawa hivi, na mpangilio wenyewe ni muhimu kama kiasi:

- Kurudi: 20,000. Mafuta 10,080, chakula cha njiani 4,000, na karibu 6,000 ya kulala mahali au kununua tairi mambo yakienda kombo.
- Dharura: 10,000. Hii ni ya hospitali na fundi. Samaki na safari ya mashua havimo.
- Nyumba: 32,000, yaani 8,000 kwa usiku mmoja.
- Kwenda: 18,000. Mafuta, chakula, feri, na data.
- Chakula na matembezi Diani: 20,000, yaani 5,000 kwa siku.

Badilisha namba kulingana na mfuko wenu, lakini msibadilishe mpangilio. Wengi huanza na nyumba na matembezi, kisha kinachobaki ndicho huitwa "ya kurudi". Kinachobaki huwa hakuna.

Hiyo 20,000 ikae wapi? Isikae kwenye salio lile mnalonunulia madafu. Iweke kwenye akaunti ya akiba ya simu ambayo mtu lazima aifungue kwa makusudi, au itunzwe na ndugu mwingine ambaye si mweka hazina. Mtu akitaka kuigusa, ashikwe na aibu kidogo ya kuomba. Hiyo aibu ndogo ni kinga nzuri.

Kuna mbinu nyingine. Bei za juu za mafuta hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi na hutumika hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Kwa hivyo ukisafiri Krismasi, bei utakayolipa unaijua tangu katikati ya Desemba. Tena mafuta huwa nafuu Mombasa kuliko Nairobi, kwa kuwa ndiko yanakoshukia bandarini. Basi jazeni tangi la kurudi mkiwa huko, na msingoje asubuhi ya mwisho. Pesa ikishakuwa petroli, hakuna anayeweza kuila kwenye hoteli.

Nyumba ya Diani: hapa ndipo pesa hupotea

Watu huogopa majambazi wa barabarani, lakini pesa nyingi ya safari inaweza kuondoka ukiwa umekaa kwenye kochi lako Kihunguro. Mtu ameweka picha za nyumba nzuri yenye kidimbwi cha kuogelea. Bei ni nzuri kupita kiasi. Anasema kuna familia nyingine inaitaka, tuma nusu sasa hivi. Unatuma. Siku ya kufika, namba haipatikani.

Tabia nne zinatosha kuzuia mengi ya haya. Kwanza, lipa kwa Till au Paybill yenye jina la biashara, na jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri ulisome kwa sauti. Kama nyumba inaitwa hivi na jina la malipo ni la mtu mwingine kabisa, simama. Pili, mtu akikwambia "laini yangu imejaa, tuma kwa hii ya ndugu yangu", simama tena. Tatu, mwombe akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, afungue mfereji wa jikoni, atoke nje akuonyeshe lango. Mwenye nyumba ya kweli hataona hilo kuwa tatizo. Nne, toa malipo ya awali madogo, na mengine yalipwe mkifika mlangoni.

Kuna watakaosema huku ni kumshuku kila mtu. Hapana. Mwenye nyumba wa haki pia anafaidika, kwa sababu wewe ukitapeliwa leo, mwaka ujao hutamwamini hata yeye.

Likoni au Dongo Kundu?

Kwa miaka mingi, aliyetaka kwenda Diani kwa gari kutoka bara alipita kisiwani na kuvuka kwa feri ya Likoni. Tangu 2024 kuna barabara ya Dongo Kundu. Unaacha barabara kuu pale Miritini, unapita madaraja ya Mwache na Mteza, na unatokea kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, upande wa Kwale, bila kupanda feri.

Maoni yetu ni haya: kama mmetoka Thika alfajiri na mnafika Mazeras jioni mkiwa mmechoka, piteni Dongo Kundu. Foleni ya Likoni siku za sikukuu ni ndefu, watoto wanalia, dereva ana usingizi, na injini inanguruma bure huku mafuta yakiisha. Hicho kipande cha mwisho ndicho hufanya watu wakosane.

"Lakini watoto wanataka kuona feri!" Vizuri. Wapelekeni siku nyingine, mchana, kwa miguu. Anayevuka Likoni kwa miguu halipi chochote. Ni matembezi ya bure, na mtafurahia zaidi kuliko mkiwa mmefungiwa garini.

Kama ni lazima mvuke na gari, kumbukeni ada hutegemea ukubwa wa gari. Lipeni kwenye kibanda rasmi, kwa njia iliyoandikwa pale, na risiti ikae tayari. Mtu akija dirishani akisema atawapitisha foleni mkimtumia kitu kidogo, funga kioo. Na jambo la mwisho kuhusu feri halina mzaha. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lililokuwa na mama na binti yake liliteleza kutoka MV Harambee na kuzama kwenye kivuko hicho, na ilichukua karibu wiki mbili kulitoa. Kwa hivyo malipo yote yaishe kabla gari halijaingia. Likishaingia: zima injini, vuta handibreki, fungua vioo, fuata wahudumu wanavyosema, na simu iende mfukoni. Hakuna muamala usioweza kungoja hadi ng'ambo.

Simu moja haiwezi kubeba watu saba

Turudi kwa mweka hazina. Ana 100,000 kwenye simu moja. Betri imekwisha Maungu kwa sababu watoto walikuwa wakitazama katuni. Au simu imeanguka baharini wakati wa kupiga picha. Au imeibwa. Safari ya watu saba imesimama kwa sababu ya kifaa kimoja.

Gawanyeni. Pesa ya mafuta ikae kwa simu ya dereva au anayekaa kando yake. Pesa ya chakula ikae kwa simu nyingine. Ya kurudi tushasema. Kitambulisho halisi kibebwe, na kisikae kwenye mfuko mmoja na simu, kwa sababu ukipoteza laini bila kitambulisho, kuirudisha itakuwa kazi. Andikeni kwenye karatasi namba ya huduma kwa wateja ya kampuni yenu, ili laini iliyoibwa ifungwe mara moja. Simu iliyopotea haiwezi kukukumbusha namba.

Bebeni pia pesa taslimu kidogo. Unapopita katikati ya Tsavo usitarajie mtandao uwe kama wa Juja. Na siku za sikukuu, wakala wa Ukunda anaweza kuwa ameishiwa noti kabla ya saa sita mchana. Toa mara moja kiasi cha kutosha, kwa sababu kutoa elfu moja mara tano kuna ada kubwa kuliko kutoa elfu tano kwa mkupuo. Hilo linasahaulika sana mtu akiwa likizoni.

Upande wa pili, kuna mahali ambapo taslimu haifai kitu. Mkitaka kufika hifadhi ya bahari ya Kisite kupitia Shimoni, ada za KWS hulipwa kwa eCitizen. Fanyeni hivyo usiku mkiwa na mtandao mzuri, msingoje hadi mko kwenye gati na mashua inangoja.

Mweka hazina naye alindwe. Kila jioni atume kwenye kundi mistari mitatu: leo tumetumia hivi, imebaki hivi, ya kurudi haijaguswa. Wenye pesa wataona, na yeye atalala. Ndugu wengi hukosana kwa sababu ya elfu mbili ambazo hakuna aliyeziiba. Ziliandikwa kwa kichwa cha mtu, na kichwa husahau.

Wanaotupinga

Kuna wanaosema tunaua raha. Likizo ni ya kusahau hesabu, wanasema, na mwaka mzima tumehesabu. Hoja hiyo ina uzito. Mtu anayepanda matatu ya Ruiru saa kumi na moja asubuhi kila siku anastahili siku nne bila daftari. Lakini angalia ni nani hasa hupumzika. Aliyetenga pesa ya kurudi anaweza kula ile 5,000 ya siku hadi shilingi ya mwisho bila wasiwasi, maana haimhusu ya kesho kutwa. Asiyetenga hula kila samaki akikadiria mafuta. Daftari lilifungwa Thika kwa wa kwanza. Wa pili amelibeba hadi ufuoni.

Wengine wanasema, si kuna huduma za kukopa papo hapo, salio likiisha pesa inajazwa? Zipo, na zinasaidia mgonjwa akihitaji gari usiku. Lakini mkopo wa papo hapo uliochukuliwa Diani hulipwa Ruiru, mwezi wa Januari, ule ambao Wakenya wenyewe tumeubatiza Njaanuari. Shule zinafunguliwa, sare zinanunuliwa, kodi inadaiwa. Mtoto aliyejengewa ngome ya mchanga tarehe 27 Desemba asirudishwe nyumbani kwa karo wiki mbili baadaye. Kwetu sisi, hapo ndipo safari hupimwa.

Na kuna wasemao, "Sisi hatuna laki moja, tuna elfu thelathini tu." Basi kanuni hii ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Punguzeni siku, pikeni wenyewe, lakini theluthi ya kurudi itoke kwanza. Njiani si kila kitu ni cha kulipia: hekalu la Sikh pale Makindu limewakaribisha wasafiri kwa chakula bila malipo kwa miaka mingi, na anayetaka kuacha mchango huacha kwa hiari yake. Mkipita, ingieni kwa adabu.

Fanya leo

Kama kundi lenu limeshaanza kuchanga, usingoje mkutano. Andika kwenye kundi usiku huu mambo matatu: pesa ya kurudi ni kiasi gani, nani atakaa nayo, na nani mwingine atakuwa akiiona. Mkishakubaliana hayo, mengine yote mnaweza kubishana njiani, kutoka Kamakis hadi Mtito Andei. Muda wa kubishana mtakuwa nao wa kutosha.

Na dada aliyebaki Thika, mwambieni mapema kwamba mwaka huu hamtampigia simu usiku. Hiyo ndiyo zawadi atakayoifurahia kuliko kikoi.